Barua ya wazi kwa wakuu wa ofisi: fungueni madirisha, kisha leteni mimea hai

Kwenu Wakurugenzi wa Utawala, Maafisa Ugavi, na ninyi nyote mnaoamua nani akae chumba gani katika ofisi za umma na za binafsi hapa nchini,

YAH: MAUA YA PLASTIKI, MIMEA HAI NA HEWA TUNAYOVUTA KAZINI

Shikamooni wakubwa zangu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa masijala jijini Dar es Salaam. Masijala mnaijua kwa jalada lililochelewa, ila wengi wenu mna muda mrefu hamjaingia ndani yake. Ni chumba cha katikati ya jengo, rafu zimefika darini, taa za mirija zinawaka mchana kutwa, na kiyoyozi ni kimoja ukutani. Tunaingia saa moja na nusu asubuhi, tunatoka saa tisa na nusu alasiri, na kipindi cha bajeti tunatoka giza limeshaingia. Vumbi la karatasi kuukuu lina harufu yake. Ukishaizoea huisikii tena, unabaki kukohoa tu.

Siku za karibuni tulipata ugeni. Mambo ya ugeni mnayajua: kuta zilipakwa rangi usiku, mapazia yakabadilishwa, na gari likaja kushusha maua. Ya plastiki. Mengine yakawekwa mapokezi, mengine ukumbi wa mikutano, na chungu kikubwa kuliko vyote kikasimamishwa mlangoni kwa mkurugenzi. Mgeni alisaini kitabu, akapiga picha, akaondoka. Maua yapo mpaka leo. Ukiyasogelea utaona majani ya juu yamepauka, kwenye maungio ya shina buibui ametanda, na chini, juu ya zile kokoto nyeupe za urembo, kuna vijiti vya kuchokolea meno, pini za stepla, kifuniko cha soda na kipande cha kadi ya laini ya simu. Dada wa usafi akipata nafasi huyafuta kwa kitambaa kibichi. Vumbi linageuka tope, tope linakauka, na ua linakuwa baya kuliko lilivyokuwa.

Naelewa kwa nini ugavi wanayapenda. Ua la plastiki hununuliwa mara moja, huandikwa kwenye daftari la mali, hupewa namba, na kazi imekwisha. Halifi, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa.

Lakini sasa upepo umegeuka. Wauzaji wameanza kupita maofisini na vipeperushi vya mimea hai wanayoiita mimea ya kusafisha hewa, na wakubwa wameanza kuvutiwa. Mimi ningeshangilia. Kilichonifanya niandike ni hoja niliyoisikia ikitolewa kwa nia njema kabisa: kwamba tukishaweka mimea, hakuna haja tena ya kuhangaika na madirisha ambayo hayafunguki, kwa sababu mimea itasafisha hewa yenyewe. Hoja hiyo ikipita, tutapewa vyungu na kunyimwa hewa, halafu tutaambiwa tushukuru.

Naomba nieleze madai haya yametoka wapi. Mwaka 1989 B. C. Wolverton na wenzake wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitoa ripoti iliyokuja kunukuliwa na kila muuza maua duniani. Walichukua mimea ya ndani, wakaiweka katika visanduku vidogo vilivyozibwa pande zote, wakaingiza mvuke wa benzini, formaldehaidi au trikloroethilini, kisha wakapima kimebaki kiasi gani baada ya saa kadhaa. Kilikuwa kimepungua. Katika majaribio mengine walisukuma hewa kwa feni ipite kwenye udongo uliochanganywa na mkaa maalumu, na hapo kilipungua zaidi. Hawakudanganya. Ila walikuwa wanawaza safari za angani. Ndani ya Skylab, kituo kilichorushwa mwaka 1973, vipimo vilikuwa vimeonyesha kemikali zaidi ya 100 zikielea hewani, nyingi zikitoka kwenye vifaa vyenyewe. Chombo cha angani ukifungua dirisha unakufa. Ofisi iliyoko mitaa ya Posta au Kariakoo haina tatizo hilo.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Philadelphia walikusanya tafiti 12 za aina hiyo, wakayageuza matokeo yote kuwa kipimo kimoja na kuuliza swali ambalo sisi wa ofisini tungeuliza: inahitajika mimea mingapi ili ifanye kazi inayofanywa tayari na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka kwenye jengo? Jibu lilikuwa kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Tuseme masijala yetu ina mita za mraba 20. Kwa hesabu ya chini kabisa tunahitaji mimea 200. Hapo tuhame sisi, au yahame majalada?

Kwa hiyo muuzaji akiwaambia vyungu vitatu vitasafisha hewa ya ukumbi, mwambieni alete na hivyo vingine vilivyobaki.

Sasa nije kwenye hewa yenyewe. Katika vyumba vyetu hewa inachafuliwa na vitu vya kawaida kabisa. Meza mpya za mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi hutoa formaldehaidi kwa miezi. Rangi ile iliyopakwa usiku wa kuamkia ugeni ilituumiza kichwa wiki nzima. Kuna mashine ya fotokopi, kuna marashi ya kupuliza na dawa ya mende. Na kuna sisi wenyewe. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi sehemu kama 420 kwa kila milioni. Watu wachache wakifungiwa katika chumba kidogo, baada ya muda si mrefu inavuka 1,000. Ule usingizi wa baada ya chakula cha mchana ambao tunausingizia ugali, huenda sehemu ya asili yake iko hapo.

Wengi wanaamini kiyoyozi kinaleta hewa. Hakileti. Kiyoyozi cha ukutani, hivi vilivyojaa mjini kote, kina vipande viwili: kimoja ndani, kimoja nje, vimeunganishwa na mabomba membamba ya shaba. Ndani ya mabomba hayo inazunguka gesi ya kupozea tu. Hewa haipiti. Kile cha ndani kinavuta hewa ileile ya chumba, kinaipoza, kinairudisha. Mwenzio akipiga chafya saa mbili asubuhi, chafya hiyo mnazunguka nayo mpaka saa tisa, ikiwa baridi. Na kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi vizuri chumba kikiwa kimefungwa, kwenye kila mlango mmebandika karatasi: FUNGA MLANGO, KIYOYOZI KINAFANYA KAZI.

Halafu kuna suala la madirisha ya alumini. Nalisema kwa uchungu kidogo. Majengo mengi ya zamani yalikuwa na madirisha ya luva, vile vioo vya kulala unavyovizungusha kwa mkono. Ukifungua, eneo lote la dirisha linapitisha upepo. Yamekuwa yaking'olewa moja baada ya jingine na kuwekwa ya alumini ya kuteleza. Dirisha la kuteleza hata ukilifungua lote, nusu yake imezibwa na kioo cha upande wa pili. Yaani mmelipa fedha nyingi kununua nusu ya upepo mliokuwa nao. Na hiyo nusu mara nyingi imekwama kwa sababu reli imejaa mchanga, au kabati limesukumwa mbele yake.

Waliojenga zamani pwani hii walijua joto ni nini. Tazameni Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, na baraza zake pana zinazotazama bahari. Hili linapimika pia. Mwaka 2007 Rod Escombe na wenzake walichapisha vipimo vya hospitali nane za Lima, Peru, mji wenye tatizo kubwa la kifua kikuu. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango, hewa yake ilibadilika takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyowekewa mitambo ya kuingiza hewa vilikuwa na mara 12. Na majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yaliyazidi kwa mbali majengo mapya. Kifua kikuu kiko hapa kwetu pia, na hakuna mmea hata mmoja unaokizuia. Upepo unakipunguza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inawapa waajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi hapahatarishi afya ya mfanyakazi. Katika ofisi ninayoijua mimi, ukaguzi ukikaribia tunakimbizana na mitungi ya kuzimia moto na kasha la huduma ya kwanza. Sijawahi kusikia mtu akiuliza: hivi hili dirisha linafunguka?

Baada ya kuwaharibia soko wauza maua, sasa nawaombeni mnunue.

Kwa sababu mmea hai ofisini una faida, ila faida yake inapitia machoni na kichwani zaidi kuliko puani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu walilazwa vyumba ambavyo dirisha linatazama miti, nusu vyumba ambavyo dirisha linatazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo, wastani wa chini ya siku 8 dhidi ya karibu siku 9, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Miti hiyo haikuwa chumbani mwao. Waliiona tu.

Norway, mwaka 1998, Tove Fjeld alifuatilia wafanyakazi wa ofisini vipindi viwili, kimoja vyumba vyao vikiwa na mimea na kingine vikiwa havina. Kipindi cha mimea, malalamiko ya uchovu, kikohozi, koo kavu na mengineyo kwa jumla yalishuka kwa asilimia 23. Huko wanafunga madirisha kwa ajili ya baridi na hewa ya ndani inakauka mno, na mimea huongeza unyevu. Kwa wenzetu waliohamia Mtumba, mji wa Serikali kule Dodoma, ambako midomo inapasuka kiangazi, huenda faida hiyo wakaiona. Dar es Salaam unyevu tunao wa kutosha na kubaki. Huku vyungu vikirundikana kwenye chumba kisichopitisha upepo tutavuna ukungu kwenye majalada. Nawaambia kama mtu wa masijala: chungu kisiwekwe juu ya rafu ya kumbukumbu hata siku moja.

Japani, katika utafiti wa mwaka 2020, Masahiro Toyoda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hyogo waliwapa wafanyakazi 63 wa kampuni moja ya umeme mmea mdogo wa mezani. Kila mmoja aliuchagua mwenyewe, aliutunza mwenyewe, na alipochoka aliacha kazi dakika tatu akautazama. Mapigo ya moyo baada ya dakika hizo yalishuka kwa kiasi kinachopimika kwa asilimia 27 yao. Si wote, na sitawaambia ni muujiza. Tafiti hizi nyingi zina watu wachache, na huwezi kumficha mtu kwamba mezani kwake pana mmea. Lakini zinaelekea upande mmoja, na gharama yake ni mche na kopo la udongo.

Ule utafiti ambao ningependa ubandikwe kwenye kila ofisi ya utawala ni wa Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, wa mwaka 2010. Waliwapa watu kazi za ofisini katika vyumba vya namna nne. Cha kwanza kilikuwa kitupu, meza na kiti basi. Cha pili kilipambwa mimea na picha zilizopangwa na wengine. Cha tatu mimea na picha zilikuwepo, lakini mfanyakazi alizipanga mwenyewe apendavyo. Cha nne mfanyakazi alipanga, kisha mtafiti akaingia na kupangua kila kitu mbele yake. Waliokuwa kwenye chumba kilichopambwa walizalisha asilimia 17 zaidi ya waliokaa kwenye chumba kitupu. Waliopanga wenyewe, asilimia 32. Na wale waliopanguliwa? Faida yote ikayeyuka.

Niliposoma hilo la chumba cha nne nilimkumbuka mama mmoja wa uhasibu kwetu. Alikuwa na mshubiri kwenye kopo la rangi, ameuweka dirishani, anaumwagilia maji yaliyobaki kwenye chupa yake kabla ya kwenda nyumbani. Watu wa idara nyingine walikuwa wakipita kukata jani wakiungua na jiko. Likaja tangazo kwamba vitu binafsi vyote viondolewe mezani na madirishani ili ofisi ifanane. Mama akauchukua mshubiri wake kwenye mfuko, akapanda nao daladala. Wiki ileile pembeni ya dirisha lake likaletwa ua la plastiki, lenye namba ya mali.

Timu nyingine, iliyoongozwa na Marlon Nieuwenhuis na ambayo Knight na Haslam walikuwemo, ilienda kwenye ofisi halisi za Uingereza na Uholanzi, ikachapisha mwaka 2014. Tija ilipanda kwa asilimia 15 ofisi zilizokuwa tupu zilipowekewa mimea. Jambo moja kwenye mpango wao linatuhusu sana: mimea iliwekwa mahali ambapo mfanyakazi anaiona akiwa kwenye meza yake. Kwetu, mmea hai ukinunuliwa, unajulikana unakokwenda. Unakwenda kwa mkurugenzi, mwenye dirisha mbili na safari tatu kwa mwezi, au mapokezi, ambako mgeni anakaa dakika tano. Anayekaa saa nane mbele ya kompyuta chumba cha ndani hauoni mpaka anapokwenda kutia saini mahudhurio.

Na kabla hata ya kununua, kuna ambayo hayana gharama. Nje ya majengo mengi mjini kuna mwembe, mkungu au mwarobaini umesimama. Meza ikigeuzwa na pazia likivutwa, mtu anauona. Mnaweza kuanza kesho. Mnaweza pia kuacha kuikata miti hiyo ili kupata nafasi ya kupanga pevingi za maegesho.

Maafisa ugavi, kuhusu aina ya mimea, msije mkatangaza zabuni ya kuagiza nje. Mmea ambao wauzaji wanauita ZZ, wenye majani mazito yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Unaota wenyewe vichakani Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar, hadi kusini mwa bara. Una viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, ndiyo maana unavumilia kiangazi, kivuli, na karani anayekwenda likizo. Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara kwa wingi miaka ya 1990 na kuueneza maofisini kote duniani. Sanseveria ya madukani asili yake ni Afrika Magharibi, lakini ndugu zake wa karibu wamejaa kwenye mapori yetu, na wazee walisokota kamba kwa nyuzi zake. Na lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalopendwa madirishani Ulaya nzima, limetoka milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani pale Tanga, aliliona na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi kwa heshima ya familia hiyo. Wajerumani mpaka leo hulitaja kwa jina la Usambara. Katika ofisi nilizopita Tanga kwa kazi, maua niliyoyakuta mezani yalitoka kiwandani.

Vitalu vya kandokando ya barabara vina miche mizuri kwenye viriba, na anayeiuza atakueleza ipi inapenda jua na ipi inaungua. Fedha za chungu kimoja kikubwa cha plastiki zinatosha miche ya idara nzima. Muepuke tu diefenbakia, ule wenye majani mapana yenye mabaka meupe, mahali ambapo wafanyakazi huja na watoto; utomvu wake una chembe kali zinazovimbisha ulimi na koo la anayetafuna. ZZ nao si wa kutafunwa, ingawa ule uvumi kwamba kukaa karibu nao kunaleta saratani hauna msingi. Wala mmea hauwamalizii hewa. Unachovuta usiku ni kidogo sana, na usiku hatupo.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo hakuna kipeperushi kinacholitaja. Chini ya kila chungu huwekwa kisahani, na kwenye kisahani hubaki maji. Mbu anayeeneza homa ya dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anapenda maji machache na safi ya namna hiyo, anazaliana ndani ya majengo, na anauma mchana, saa za kazi kabisa. Dar es Salaam tulikuwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019, mnaukumbuka. Yai likipata maji huchukua kama wiki moja hivi kuwa mbu kamili, na yai likikauka halifi, linasubiri miezi. Kwa hiyo kisahani kimwagwe na kisuguliwe kwa brashi kila wiki, siku inayojulikana, na mtu anayejulikana. Au kijazwe mchanga, maji yasionekane. Ofisi isiyoweza kusimamia hilo ni afadhali ibaki na plastiki zake.

Mtu anayejulikana ni nani? Msiseme dada wa usafi, mkaishia hapo. Yeye analipwa na kampuni ya usafi kwa mkataba unaotaja sakafu, vyoo na vioo, na akikaukiwa na ua la mkurugenzi anakatwa mshahara. Mkitaka afanye, liandikwe kwenye mkataba na lilipiwe. Mimi ningependa zaidi kila chumba kiwe na mimea yake na watunzaji wake wakae humohumo, kama ilivyokuwa kwa yule mama wa uhasibu. Maji yapo hata siku za mgao: kiyoyozi katika jiji lenye unyevu kama hili kinatoa maji ndoo nzima kwa siku, yanadondokea vichwani mwa wapita njia. Tegeni ndoo yenye mfuniko kwenye bomba lake.

Kwa vyumba visivyo na mwanga kama chetu, mimea iwe miwili inayopokezana, mmoja ndani na mwenzake baraza yenye mwanga, wabadilishane kila wiki kama walinzi wa zamu. Hata ZZ hauishi kwa taa ya mirija peke yake kwa raha.

Kwa kifupi cha kiofisi, ninachoomba kiingie kwenye bajeti ya OC, yaani matumizi mengineyo, ya mwaka ujao kwa mpangilio huu. Fundi apite chumba kwa chumba, afungue kila dirisha lililokwama na kuhamisha kila kabati lililoziba. Kwenye vyumba visivyo na dirisha kabisa iwekwe feni ya kutoa hewa nje, au wenye kukaa humo wahamishwe na majalada yabaki. Kiyoyozi kizimwe nusu saa asubuhi na nusu saa baada ya chakula, madirisha na milango viwe wazi. Hapo ndipo miche inunuliwe, kila mfanyakazi achague wake, auweke anapouona, na tangazo la vitu binafsi lifutwe. Wawakilishi wa usalama na afya kazini wakiwepo, waulizwe kabla, siyo baada.

Mama wa uhasibu bado ana mshubiri wake nyumbani. Ameniambia umezaa vitoto vingi, na yuko tayari kuleta vya kuanzia bila malipo, mradi asiombwe kuvijaza kwenye mfumo wa manunuzi.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa Masijala

Nakala kwa:
Idara ya Majengo – kwa ajili ya reli za madirisha
Kampuni ya usafi – kwa utekelezaji wa visahani, mkataba ukishabadilishwa
Jalada